Mtandao "umekataa", "umekatika" au "umekatwa"?

SWALI: Ninahudumia kompyuta katika ghala moja mjini Tanga. Wapokeaji wa mizigo hutumia programu ya lile dirisha jeusi la maandishi, inayounganishwa na seva iliyo mji mwingine, nami nimeagizwa niwaandikie mwongozo wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Ujumbe wa hitilafu huja kwa Kiingereza: mara "Connection refused", mara "Connection timed out", mara "Connection closed by remote host". Wenzangu kwa yote matatu husema "mtandao umekataa". Je, ni sahihi? Na maandishi yanapovurugika, hata "ngozi ya ng’ombe" ikasomeka "ngozi ya ngâ€™ombe", au skrini inapoganda, tuseme nini? Tena programu yenyewe tuiiteje?

JIBU: "Mtandao umekataa" ni Kiswahili kisicho na kasoro. Kitu kisicho na hiari kikisemwa kuwa kimekataa, msikilizaji huelewa kwamba hakifanyi kazi: gari limekataa kuwaka, kufuli imekataa kufunguka, kiberiti kimekataa. Hakuna anayedhani kwamba kiberiti kimeombwa kikajibu hapana. Kwa hiyo mwenzako anayekupigia simu na kusema mtandao umekataa amekwambia kweli, ila hajakwambia lolote la kukusaidia, maana kauli hiyo inabeba hali zote tatu kwa mkupuo, nazo ni hali ambazo chanzo na tiba yake ni mbali mbali. Kazi ya mwongozo wako ni kuzitenganisha, na utaona kwamba viambishi vya mnyambuliko wa kitenzi vitakufanyia sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Tuanze na ujumbe wa kwanza. Hapa kompyuta ya ghalani imefika hadi ng'ambo, imebisha hodi, na imejibiwa waziwazi kwamba mlango ule haupokei mtu. Kuna aliyekataa, na kuna ombi lililokataliwa, basi andika "Ombi la kuunganishwa limekataliwa". Kiambishi cha kutendwa kinamfanya msomaji aulize limekataliwa na nani, na swali hilo ndilo linalompeleka mahali sahihi, kwa kuwa akishajua kwamba amejibiwa hatahangaika kuchomoa na kuchomeka waya ambao hauna ubaya wowote. Atazame kwanza namba ya mlango ("port" kwa Kiingereza), kwani kati ya njia mbili za kuunganishwa na seva, Telnet hupokelewa kwa kawaida kwenye mlango namba 23 na SSH kwenye namba 22, na aliyechagua njia moja huku namba ikiwa ya nyingine hukutana na jibu hili mara nyingi. Namba ikiwa sawa, aulize kama huduma yenyewe imewashwa kwenye seva. Nimesema mlango, nami nakusihi usiandike "bandari namba 22" kama zinavyofanya baadhi ya tafsiri za mashine. Watu wa Tanga wana bandari yao, na mpokea mizigo ndiye wa mwisho kustahili kuchanganyiwa neno hilo.

Ujumbe wa pili ndio unaoharibiwa zaidi na tafsiri ya neno kwa neno. Ukiandika "Muda umekwisha", mmoja atadhani zamu yake imefika mwisho, na mwingine, kwa mazoea ya simu, atadhani kifurushi cha intaneti kimekwisha na atakimbilia kununua kingine. Jambo lenyewe ni kimya: hodi imebishwa, kikasubiriwa kitambo kilichowekwa, wala hapakuwa na sauti. Andika tu "Seva haijajibu". Inawezekana seva imezimwa, au anwani imekosewa hata hodi ikabishwa kwenye nyumba isiyo na watu, au njia imekatika katikati, au kuna kizuizi cha ulinzi kinachomeza maombi bila kurudisha neno. Hapa sasa kukagua waya kuna maana.

Ujumbe wa tatu ndio unaonipendeza, kwa sababu tofauti yake kila mlipa ankara anaijua. Jirani akikwambia "umeme umekatika", unawasha mshumaa na kusubiri. Akikwambia "umeme umekatwa", unamuuliza anadaiwa kiasi gani. Kiambishi cha kutendeka katika "katika" kinaeleza hali iliyotokea na kumwacha mtendaji nje kabisa, kiasi kwamba sarufi haikubali arudishwe: hatusemi "umeme umekatika na fundi". Kiambishi cha kutendwa katika "katwa" kinamweka mtendaji ndani ya tendo, hata asipotajwa. Sasa ujumbe wenu wa Kiingereza umemtaja mtendaji kwa maneno yake, kwamba ni kompyuta ya upande wa pili, hivyo tafsiri yake ni "Muunganisho umekatwa na seva", na sababu zitafutwe huko huko: nywila imekosewa mara nyingi mno, seva inawashwa upya, au mtumiaji alikwenda kupakua lori akaacha dirisha wazi bila kugusa kitu hadi seva ikachoka kumngoja. Kwa hilo la mwisho, programu nyingi za aina hii, PuTTY ikiwemo, zina mpangilio wa kutuma ishara ndogo kila baada ya sekunde utakazotaja, ili muunganisho usionekane umelala. "Muunganisho umekatika" uuweke akiba kwa siku waya ulipochomoka au Wi-Fi ilipopotea. Wala usiandike "muungano", kwani neno hilo limekwisha kushika kazi nyingine tangu 1964.

Kuhusu jina la programu nitakuwa mfupi. Terminali ya asili ilikuwa mashine kamili yenye skrini na kibodi, isiyokokotoa kitu yenyewe bali kupeleka vibonyezo kwenye kompyuta kuu na kuonyesha majibu. VT100 ya kampuni ya Digital, iliyotoka 1978 na kuonyesha mistari 24 yenye herufi 80 kila mmoja, ndiyo ambayo programu za leo bado zinafuata desturi zake. Programu yenu inaiga mashine hiyo, na kitenzi ni kuiga, si kuigiza. Nimewahi kuona "mwigizaji wa terminali", nikafikiria tamthilia. "Programu ya kuiga terminali" inatosha, na kwa wapokea mizigo wako hata "dirisha jeusi" litafaa, madhali umelieleza mara moja juu ya ukurasa.

Sasa tuje kwenye ng'ombe wenu. Usiandike kwamba maandishi "yameharibika", kwa maana mtu wa ghala akisikia kumbukumbu zimeharibika atazifuta na kuziandika upya, ilhali hazina dosari yoyote. Kilichotokea ni kwamba mtu aliandika "ng’ombe" kwa ile ritifaa iliyopinda ambayo programu za uandishi huiweka zenyewe badala ya ile iliyonyooka. Kwa usimbaji wa UTF-8, yaani mojawapo ya kanuni za kugeuza herufi kuwa namba ndani ya kompyuta, ritifaa hiyo huhifadhiwa kwa baiti 3, yaani vipande vitatu vidogo vya data, na programu yenu, iliyopangwa isome kwa jedwali la zamani la Windows la Ulaya Magharibi, inaisoma kila baiti kama herufi yake: â, kisha €, kisha ™. Alama moja imesomwa kuwa tatu. Kwa hiyo sema "Maandishi yanasomwa vibaya", na maelekezo yafuate hapo hapo: mtumiaji abadilishe usimbaji wa programu uwe UTF-8. Ni bahati ya lugha yetu kwamba herufi zake zote zimo katika jedwali la msingi, hata mtu anaweza kuandika kurasa nyingi bila kugundua kosa la mpangilio, mpaka akutane na ng'ombe au ng'ambo. Kuna ndugu wa hitilafu hii: masanduku ya menyu kukosa mistari na badala yake kuonekana "lqqqqk" juu na "x" pembeni. Hizo ni herufi ambazo VT100 ilizitumia kuchorea pembe na mistari, na hapa programu haikuarifiwa kwamba ichore badala ya kuandika. Nazo pia zinasomwa vibaya.

Limebaki hilo la skrini kuganda. Damu huganda, mafuta ya nazi huganda asubuhi ya baridi, na kinachoganda hakina aliyekigandisha kwa makusudi. Lakini katika programu hizi, mara nyingi ni mtumiaji mwenyewe aliyebonyeza Ctrl pamoja na S akidhani anahifadhi kazi, na amri hiyo kwa terminali maana yake ni simamisha maandishi. Andika basi "Skrini imesimamishwa: bonyeza Ctrl na Q". Vibonyezo alivyopiga kwa hasira wakati akingoja vitatokea vyote kwa pamoja, kwa hiyo mwonye asipige ovyo. Akibonyeza na bado kukawa kimya, hapo mruhusu aseme imeganda.