Sikio la yule bibi: riwaya za kifantasia ninazozirudia

Ndugu muuliza swali ametaka kila msomaji ataje riwaya za kifantasia azipendazo kuliko zote, pamoja na waandishi wake, na mchangiaji mmoja amekwisha kujibu kwamba kwa upande wa Kiswahili hakuna cha kutaja. Ninaomba kuyajibu yote mawili kwa pamoja, kwa kuwa kwangu mimi hayatengani. Riwaya ya kigeni ninayoipenda kuliko zote niliipendea jambo ambalo nilikwisha kulionja kwa Kiswahili, na kabla ya kulisoma katika kitabu chochote nililisikia kando ya moto wa bani, yaani nyumba ya kukaushia tumbaku, wilayani Urambo, mkoani kwetu Tabora.

Kwa wasioijua kazi hiyo, tumbaku ya mvuke hukaushwa ndani ya bani kwa moto unaochochewa usiku na mchana kwa siku kadhaa, na joto likipanda au likishuka kupita kiasi, majani huharibika na jasho la mwaka mzima hupotea. Ni lazima mtu akeshe. Wakati wa likizo mkeshaji alikuwa bibi yangu, na sisi wajukuu tulibaki naye kwa kisingizio cha kumsaidia kusukuma magogo. Alipotuona tunasinzia alisema, "Hadithi, hadithi," nasi tukaitikia, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Mpaka leo sijakutana na maelezo mafupi na sahihi zaidi ya fantasia kuliko kiitikio hicho, ambacho msikilizaji huukaribisha uongo kwa jina lake, akiwa macho, na kuudai jambo moja tu, nalo ni utamu.

Hadithi aliyoirudia zaidi ni ile inayojulikana kote Unyamwezini na Usukumani, ya zimwi Shing'weng'we lililomeza watu wote na mifugo yao, akasalia mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye pumba. Mwanawe, Masala Kulangwa, alipokua akauliza watu wengine wako wapi, na tangu siku hiyo akawa anarudi porini na windo, leo panzi, kesho ndege, akimuuliza mama yake kama hilo ndilo Shing'weng'we. Hatimaye analiua lenyewe na kulipasua tumbo, na watu wanatoka wazima. Hadithi nyingine zingeishia hapo kwa ngoma. Lakini kisu cha kijana kinapita kwenye sikio la bibi kizee mmoja aliyekuwa tumboni humo, na bibi yule, badala ya kushukuru kwamba amefufuliwa, anakasirika kwa ajili ya sikio lake na kuanza kutafuta njia ya kumdhuru aliyemwokoa. Nilipokuwa mdogo sehemu hiyo ilinikera. Sasa ndiyo kipimo changu. Riwaya ya kifantasia ninayoiheshimu ni ile ambayo ajabu yake ina gharama, na deni lake haliishi siku adui anapokufa.

Kwa kipimo hicho, wa kwanza kumtaja ni Shaaban Robert, na kitabu ni Adili na Nduguze, kilichochapishwa mwaka 1952. Wengi wanamkumbuka kwa Kusadikika ya mwaka 1951, nami siidharau, kwa sababu nchi iliyo angani, ambayo wajumbe wake hutumwa kila upande na kurudi kutupwa gerezani, ni ubunifu mkubwa. Lakini Kusadikika ni ya mahakama na hotuba. Adili na Nduguze ina majini, ina mji ambao watu wake wamegeuka mawe, na ina tukio ambalo halinitoki akilini: mtu mwema, Adili, ambaye kila usiku analazimika kuwachapa viboko manyani wawili, kisha akawabembeleza na kuwalisha, kwa kuwa manyani hao ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu, waliomtendea ubaya na kugeuzwa kwa uwezo wa jini. Jini ndiye aliyetoa adhabu, lakini mkono unaoshika kiboko ni wa Adili, aliyekwisha kusamehe. Nguvu iliyomlinda imemwachia kazi ya kutisha ya kila siku, na hawezi kuikwepa. Niambieni ni mwandishi gani wa nje aliyeibana hivyo dhamiri ya shujaa wake.

Tatizo letu, kwa maoni yangu, si ukosefu wa vitabu. Ni namna tulivyofundishwa kuvisoma. Darasani tulipewa Shaaban Robert kama mtu apewavyo dawa: orodhesha dhamira, taja tamathali, eleza majazi, yaani jina linavyobeba tabia ya mwenyewe, katika majina ya Hasidi na Mwivu, Kusadikika ni istiara ya utawala wa kikoloni, funga daftari. Hayo yote ni kweli na mtihani uliyataka. Lakini hakuna aliyetuuliza kama tuliwahi kutazama juu na kujiuliza watu wa nchi iliyo angani wanatembeaje. Msomaji aliyelelewa hivyo akikutana baadaye na joka la Kiingereza husema hii ndiyo fantasia, kwa sababu joka hilo hakuna aliyemtaka alitolee dhamira.

Sasa niende kwa wageni. Juzuu ya tatu ya The Lord of the Rings ya J. R. R. Tolkien, ambayo ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1955, niliinunua sokoni Tabora mjini kwenye turubai la vitabu vya mitumba, ikiwa haina jalada la nyuma wala kurasa za mwisho. Nakala yangu ilikatika muda mfupi baada ya Pete, iliyobeba nguvu za yule mwovu, kuteketea ndani ya mlima wa moto. Kwa miaka kadhaa niliamini hadithi inaishia hapo, nikaiona nzuri lakini ya kawaida: mwovu ameshindwa, tai wamekuja, kwaherini. Niliupata mwisho wake halisi kwenye simu, nikiwa katika stesheni ya Tabora nikisubiri treni ya Kigoma iliyochelewa, na ninakiri kwamba treni ilipofika niliipanda kwa kuchukia kukatizwa.

Kumbe kitabu kilikuwa bado na mengi. Wale mahobiti, watu wafupi waliotoka kwao kwenda kuiokoa dunia, wanarudi nyumbani na kukuta miti imekatwa, wageni wanatawala na jirani anamchongea jirani, hivyo wanalazimika kupigana tena mlangoni pao. Frodo, aliyeibeba Pete, amepoteza kidole, lakini hilo ni dogo. Kila mwaka siku ya majeraha yake inapofika anaugua, na mwishowe anapanda jahazi na kuondoka moja kwa moja, kwa sababu nchi aliyoiokoa wanaweza kuifaidi wengine, yeye haimtoshi tena. Waliotazama filamu peke yake hawakuiona ile vita ya nyumbani, maana iliachwa. Nilipofika hapo nilimkumbuka bibi yangu na sikio la yule bibi kizee. Tolkien alikuwa askari katika mapigano ya Somme, Ufaransa, mwaka 1916, mwaka uleule ambao mnamo Septemba majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliuteka mji wetu wa Tabora kutoka kwa Wajerumani, na sidhani kama mtu ambaye hakuona vijana wakirudi nyumbani wakiwa wamebadilika angeweza kuziandika kurasa zile. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba avumilie nyimbo na nasaba za juzuu ya kwanza, hata kwa kuziruka, hakuna atakayemkamata.

Mwandishi ninayempenda zaidi hata ya Tolkien, ingawa vitabu vyake ni vyembamba, ni Ursula K. Le Guin wa Marekani, aliyeandika A Wizard of Earthsea mwaka 1968. Hapa Kiswahili kinanipa taabu kidogo, kwa kuwa nikisema shujaa wake Ged ni mchawi, msomaji wetu ataona adui, hali kazi yake iko karibu zaidi na ya mganga. Ged ni kijana wa kisiwani mwenye ngozi ya hudhurungi, jambo lililokuwa nadra kwa mashujaa wa vitabu hivyo wakati huo, naye kwa majivuno ya shuleni anaita roho ya mfu mbele ya wenzake na kufungulia kivuli kinachomtia kovu usoni na kumwinda visiwa na bahari. Hakuna jeshi wala mfalme wa giza. Kosa ni lake, na anayewindwa ni yeye.

Kinachonifurahisha zaidi ni sheria za uganga wenyewe. Kila kitu kina jina lake la kweli, na anayelijua jina ana mamlaka juu ya mwenye jina. Msomaji wa Ulaya pengine alihitaji kuelezwa. Mimi nililelewa katika nyumba ambamo nyoka usiku aliitwa kamba, na ambamo ukitumwa dukani gizani kununua sindano unarudi mikono mitupu, kwa kuwa muuzaji mwenyewe anaogopa kuitaja. Tena Le Guin anaonya kwamba mvua ukiivuta huku, huenda kule ukaacha ukame. Mtu wa Unyamwezi, ambako mtemi, yaani chifu wa jadi, ndiye aliyedaiwa mvua na nchi ilipokauka aliulizwa yeye, anaisoma sentensi hiyo kama habari ya kwao.

Wa nne ni Amos Tutuola wa Nigeria, na huyu ninamtetea kila mahali, maana wapo wanaomdharau kwa ajili ya Kiingereza chake kisichofuata kanuni. Alikuwa tarishi wa ofisi huko Lagos wakati The Palm-Wine Drinkard inachapishwa London mwaka 1952. Mlevi mmoja, ambaye baba yake amempa shamba la michikichi ya mvinyo 560,000 (ndugu zetu wa Kigoma wenye michikichi watalionea wivu), anafiwa na mgema wake aliyeanguka mtini, na badala ya kutafuta mgema mwingine anafunga safari kumfuata huyohuyo kwenye mji wa wafu. Njiani anakutana na bwana mtanashati kupindukia, ambaye msichana mmoja anamfuata kutoka sokoni kwa kuvutiwa na uzuri wake. Walipofika msituni bwana yule akaanza kurudisha viungo alivyovikodi: hapa miguu na kulipa kodi yake, pale mikono na kulipa kodi yake, hadi likabaki fuvu tupu linaloruka. Mahali pengine mlevi na mkewe wanauza kifo chao na kukopesha hofu yao kwa riba ya kila mwezi. Baadaye hofu wanairudishiwa, ila kifo kilikwisha kuuzwa, kwa hiyo wanabaki watu wasioweza kufa lakini wanaoogopa sana. Nimesoma wasomi wengi wakijaribu kueleza gharama ya ajabu. Tutuola ameiandikia risiti.

Wengine nitawapitia haraka. Vitabu saba vya Harry Potter vya J. K. Rowling, vilivyotoka kati ya 1997 na 2007, nilivifurahia, ila uganga wake naona ni wa bei rahisi mno: fimbo, maneno mawili, kazi imekwisha. George R. R. Martin anajua sana kutoza gharama, lakini kitabu cha tano cha mfululizo wake wa A Song of Ice and Fire kilitoka mwaka 2011 na mimi nimeacha kusubiri cha sita. Nnedi Okorafor, kwa Who Fears Death ya mwaka 2010, ninampendekeza kwa anayetaka jangwa la Sudani ya wakati ujao, uganga na hasira ya haki, ingawa si kitabu cha kumpa mtoto.

Kwa Kiswahili, baada ya Shaaban Robert, ninawataja Said Ahmed Mohamed kwa Babu Alipofufuka ya mwaka 2001, ambamo mkubwa mmoja serikalini aitwaye K. anajiwa na babu yake aliyekwisha kufa, na Euphrase Kezilahabi kwa Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile iliyofuata mwaka mmoja baadaye. Nagona ni kijitabu chembamba, nami mara ya kwanza kilinishinda, mara ya pili nikakimaliza bila kukielewa, na mara ya tatu niliacha kukidai maana na kukifuata tu kama mtu anayeota. Humo anayelipa gharama ni msomaji mwenyewe. Sikipendekezi kwa anayeanza. Aanze na Adili, kisha Ged, kisha mlevi wa Tutuola, na Tolkien amwachie msimu wa mvua ndefu, tena ahakikishe kwanza kwamba nakala yake ina kurasa zote.

Ninalo swali moja kwa wasomaji wa Kigoma na kwa Wasukuma waliomo humu. Bibi yangu nilimuuliza kama sikio la yule mzee lilirudi mahali pake, akajibu, "Chochea moto, mjukuu wangu, bani linapoa," na hakuendelea tena. Kwenu hadithi hiyo inamalizikaje?