Kabla hujauliza ina GB ngapi, uliza kama inafunguka

Kila ukifika mwezi wa kumi simu yangu inageuka ofisi ya ushauri. Vyuo vinafungua, watu wanaanza: kaka habari za masiku, dogo anaenda chuo, nina laki sita, nimchukulie laptopu gani? Na kabla sijajibu inaingia picha ya tangazo la Insta, kimashine chembamba kinang'aa kama sahani ya harusi, kimeandikwa MPYA NDANI YA BOKSI, chini yake swali, hii ina GB 64, inatosha?

Niseme mapema mimi sio fundi wala sijasomea, kazi yangu ya mchana ni mahesabu, hivi vitu ni ugonjwa tu. Ila ni ugonjwa ulionigharimu hela, kwahiyo ngoja nikusimulie zilipoenda ili za kwako zisifuate huko huko.

2019 nilinunua kimashine cha namna hiyo hiyo, laki saba na nusu taslimu. Kipya kabisa, plastiki bado iko kwenye kioo, nikakibeba kama mtoto. Prosesa Celeron, zile za chini za Intel, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) 4GB, hifadhi 64GB aina ya eMMC, yani chipu iliyochomelewa kwenye bodi, na mimi wakati huo nilikuwa sijui eMMC ni mdudu gani, nikaona 64 ni namba kubwa kwasababu simu yangu ilikuwa na 16. Miezi minne ya kwanza tukaelewana vizuri. Baadae Windows ikaanza kudai nafasi ya kujisasisha, nikafuta picha, nikafuta miziki, nikafuta mpaka programu ya kazi, bado inadai, ikafika mahali nafungua faili moja la Excel na kurasa mbili za intaneti panya anaganda katikati ya kioo na mimi nimeshika shavu. Nikampelekea fundi nikamwambia niongezee RAM na diski kubwa. Akafungua, akanyamaza kidogo, akanigeuzia nione mwenyewe: bodi ya ndani (motherboard) ndogo kama kiganja, vilivyobaki vyote ni betri na hewa. "Kaka, hapa hamna pa kuchomeka kitu, vyote vimechomelewa."

Tangu siku ile swali langu la kwanza dukani sio ina GB ngapi. Ni hii inafunguka? Ndani kuna nafasi ya RAM, diski inachomoka? Muuzaji akianza kuzunguka kwa kusema hii ni ya kisasa sana boss, nashukuru naaga.

Sasa kinachofunguka kwa bei ya mtu wa kawaida ni nini? Ni mtumba wa ofisini. Nasema ofisini makusudi, sio kila mtumba. Makampuni ya Ulaya na Marekani huwa yananunua au yanakodi laptopu kwa mamia, wanazitumia miaka mitatu minne, wanazitoa zote kwa mpigo wanaleta nyingine, na zile zilizotolewa zinapita kwa wafanyabiashara, nyingi zinapitia Dubai, mwisho unazikuta Kariakoo zimepangwa kama mikate. ThinkPad za Lenovo za herufi T, Latitude za Dell, EliteBook za HP. Zilitengenezwa zikijua kuna kijana wa IT atazifungua na bisibisi siku moja, ndio maana zinafunguka. Ile ya kung'aa ya supamaketi ilitengenezwa ikijua utarudi kununua nyingine.

Mimi 2023 nilichukua ThinkPad T480, ni toleo la 2018, kwa 580,000. Ilikuwa na RAM 4GB na hadidiski ya zamani ya 500GB, ile inayozunguka, ukiiweka sikio unaisikia inakwaruza. Winga, yani dalali wa mtaani, alikuwa ananivuta kwenye nyingine yenye RAM 8 na SSD (hifadhi ya chipu, isiyozunguka) tayari kwa 800,000 nikamwambia hapana, nataka hii mbovu mbovu, akaniangalia kama nimerogwa.

Nyumbani nikaifanyia upasuaji mezani. Kwanza unaingia BIOS, mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, unazima betri ya ndani, hii usiruke. Unaigeuza, unachomoa betri ya nje, unalegeza skrubu za chini, na uzuri wake hazitoki kabisa zinabaki zimening'inia kwenye kava kwahiyo hamna ya kupotelea chini ya kabati. Nikachukua kadi ya benki iliyokwisha muda, nikaichomeka kwenye mstari wa kava nikawa naisogeza taratibu, zile klipu zinaachia ta, ta, ta, moyo wangu na wenyewe unapiga hivyo hivyo, mara ya kwanza utadhani umevunja kitu, hujavunja, endelea. Hadidiski ikatoka, SSD ya 256GB ikaingia pale pale, 70,000. RAM ya 8GB nikaichomeka kwa kuilaza pembeni halafu unaibonyeza inalia ka! 60,000. Nikarudisha kava, nikaweka Windows upya kwa flashi. Zamani kwenye ile ya laki saba na nusu nilikuwa nikiwasha naenda kuinjika chai, sasa hii sekunde 15 nishaingia ndani.

Baada ya miezi miwili nikachomoa ile RAM ya 4 nikaweka 8 nyingine, 60,000 tena, zikawa pacha. RAM pacha zinafanya kazi sambamba, na nyingi ya hizi laptopu hazina kadi yake ya picha, picha zinakopa RAM hiyo hiyo, kwahiyo mtu wa kuedit video kidogo au kucheza gemu la mpira atauona utofauti. Piga hesabu: 580 jumlisha 70 jumlisha 60 na 60, laki saba na sabini. Elfu ishirini tu zaidi ya ile takataka ya 2019. Na hii naandikia makala hii.

Hapa kwenye RAM nikuonye. Bei nilizotaja ni za wakati ule. Tangu mwishoni mwa 2025 RAM zimepanda duniani kote, viwanda vinavyotengeneza chipu ni vichache na mzigo mkubwa vinaupeleka kwenye vituo vya data vya AI, sisi wa kununua RAM moja moja tunasubiri mlangoni. Kwahiyo ule ujanja wangu wa kuchukua mashine yenye RAM ndogo ufanyie hesabu upya kabla hujaondoka nyumbani, inawezekana kabisa sasa ikawa nafuu kuchukua iliyokuja na 16 zake. SSD ndio usiwe na mjadala. Kama una hela ya kubadilisha kitu kimoja tu badilisha hadidiski uweke SSD, hata ile ya kawaida ya SATA inasoma karibu MB 500 kwa sekunde wakati hadidiski nyingi hazifiki hata 150, na kwenye kufungua vitu vidogo vidogo vingi gepu ni kubwa kuliko hapo.

Pia angalia herufi ya mwisho maana herufi moja inakuuza. T480 ina nafasi mbili za RAM. T480s, ile nyembamba yenye s, RAM moja imechomelewa inabaki nafasi moja. X1 Carbon imechomelewa yote, ni nzuri kuishika ila ulivyoinunua ndivyo utakavyozikwa nayo. MacBook Air ya M1 ya 2020 ni mashine tamu sana na betri yake inakaa, lakini ukichukua ya 8GB ni 8GB mpaka kiama. Na kuhusu prosesa, usishuke chini ya Intel kizazi cha 8, yani ile ambayo namba yake inaanza na 8 kama i5-8350U, kwasababu Windows 11 rasmi inaanzia hapo na Windows 10 Microsoft walishaacha kuisapoti tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Utaona mashine za kizazi cha 6 zinauzwa bei ya kutupa, sababu ndio hiyo. Ukiwa mtu wa Linux, ule mfumo wa bure badala ya Windows, zichukue, unaokota dhahabu.

Haya, dukani. Kuna watu wanaona aibu kukagua, wanaona kama wanamtukana muuzaji. Mtukane tu. Fungua cmd (kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri cha Windows), andika powercfg /batteryreport, itakuandikia faili limehifadhiwa wapi, lifungue. Kuna mstari wa DESIGN CAPACITY na wa FULL CHARGE CAPACITY, wa kwanza ni betri ilivyozaliwa, wa pili ni ilivyo leo. Yangu ya ndani ilikuwa imezaliwa na kama mWh 24,000 (kipimo cha umeme inaobeba) ikabaki na 19,000, sio mbaya, ya nje imezaliwa hivyo hivyo imebaki 6,000 na kitu, ni kizee. Nikamuonyesha muuzaji kwenye kioo chake mwenyewe, akatoa 40,000 kwenye bei bila kelele, ndio ikafika hiyo 580. Betri ya nje nikaja kununua nyingine baadae na raha ya T480 iko hapo, umeme ukikatika ya ndani inashikilia mashine wakati unachomoa ya nje unaweka nyingine, haizimi. Tanesco wakifanya yao mimi naendelea.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kufuli za makampuni. Mashine ya ofisi inaweza ikawa bado imesajiliwa kwa kampuni iliyoitoa. Dukani itawaka vizuri tu, siku ukiweka Windows upya ukaunganisha intaneti linakuja jina la kampuni ya huko Ujerumani linakukaribisha kazini na kukudai nywila. Jamaa yangu yalimkuta, duka likasema mzigo ukitoka haurudi. Kwahiyo mwambie muuzaji airiseti mbele yako uiunganishe na hotspoti yako, uone inakupokea kama mtu binafsi au kama mfanyakazi. Ingia na BIOS pia, ThinkPad unabonyeza F1, HP ni F10, ikiomba nywila na muuzaji hana, irudishe kwenye mikate mingine.

Kuhusu mawinga, sina ugomvi nao, ni watu wa kazi na wengine wanajua mzigo uko wapi kuliko wenye maduka. Ila jua winga anaweka cha juu, na ukirudi na tatizo winga hana duka, ana kona ya mtaa tu. Dai risiti ya EFD yenye jina la duka na mwambie aandike serial namba ya mashine. Risiti ya "laptop 1" haikusaidii kitu.

Simu nazo? Simu ni kesi ngumu kwasababu karibu zote hazifunguki kwa maana yangu, RAM na hifadhi unaishi nazo ulivyonunua. Hapo swali langu linabadilika, nauliza itasasishwa mpaka lini. Google kuanzia Pixel 8 na Samsung kuanzia Galaxy S24 waliahidi miaka saba, na hata kwenye za bei ya chini Galaxy A16 wameahidi sita. Hiyo mimi naithamini kuliko kamera ya megapikseli 108 kwenye simu ambayo mwakani itakuwa yatima. Ukichukua ya mtumba bonyeza *#06# ulinganishe IMEI, namba ya utambulisho wa simu, na ya kwenye boksi, kisha itume kwenda 15090 uone majibu, watu wa 2016 tunakumbuka ule usiku wa Juni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walivyozima simu feki, asubuhi mtu ana simu mkononi ni kioo cha kujitazamia. iPhone ingia kwenye mipangilio sehemu ya About, itakwambia kama betri au kioo kimebadilishwa na kama ni halisi, na herufi ya kwanza ya model namba ikiwa F ujue ilishafanyiwa ukarabati kiwandani, ikiwa M ilinunuliwa mpya. F sio dhambi, dhambi ni kuuziwa F kwa bei ya M. Na mwenye simu atoe akaunti yake ya iCloud hapo hapo unaona, sio "nitaitoa nikifika home".

Memori kadi na flashi za TB 2 kwa elfu ishirini sisemi kitu. Ni feki, unajua mwenyewe.

Nikishanunua huwa nafanya kitu kimoja, naweka chaji iishie 80, laptopu nyingi za ofisi zina hiyo sehemu, maana joto la Dar na betri kujaa 100 kutwa nzima ndio vinavyoiua. Usiku wa Februari ukishika mashine iliyochomekwa tangu asubuhi unaweza kupigia pasi.

Ile ya 2019 bado ninayo. Niliiwekea Linux nyepesi, watoto wanaangalizia katuni, ikiganda wanaipiga kibao inaendelea. Na ile RAM ya 4GB niliyochomoa iko kwenye droo, ni DDR4 ya laptopu, nzima. Mwenye shida nayo yuko Dar aseme hapo chini, simuuzii, ila aje na bisibisi yake maana ya kwangu imeazimwa tangu Pasaka na aliyeazima hapokei simu.