Maswali na majibu: Dereva ana kitambi, konda hana

Wiki hii nimeyaweka kando maswali ya nguvu za kiume (yatajibiwa, msinune) nishughulike na ya mazoezi, maana yamerundikana.

Naendesha daladala, Mbagala Rangi Tatu hadi Kariakoo. Natoka nyumbani saa kumi alfajiri, narudi saa nne usiku. Konda wangu anakula kunishinda, lakini yeye mwembamba kama ufito na mimi suruali hazifungi. Ni damu tu, au nimelogwa?
Dereva, Mbagala

Hujalogwa, ndugu yangu. Swali lako liliulizwa London zaidi ya miaka 70 iliyopita. Daktari mmoja, Jerry Morris, aliwalinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa ya jiji lile: mwajiri mmoja, barabara zilezile, maisha yaleyale. Dereva alikaa zamu nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi kutwa akikata tiketi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1953: makondakta waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva. Wabishi hawakosekani, wakasema labda wanene ndio wanaoomba udereva. Morris akaenda kutazama vipimo vya sare zao. Kweli, suruali za madereva zilikuwa pana kiunoni, lakini hata kati ya watu wenye kiuno sawa, kondakta bado alikuwa na nafuu. Morris mwenyewe alikuwa mtu wa mazoezi, akafariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Sasa mwangalie konda wako. Anashuka kila kituo, anaita abiria, anagonga bodi, gari likishaanza kutembea ndipo anarukia mlangoni. Hana habari kwamba anafanya mazoezi. Wewe kutwa nzima unachosogeza ni mguu wa klachi. Sikuambii ujiunge na jimu, hesabu ya tajiri haikupi nafasi hiyo. Ila mkifika mwisho wa ruti kusubiri zamu ya kupakia, zima gari, shuka, tembea hadi gari la mwisho kwenye foleni na kurudi, mwendo wa mtu anayedai chenji yake. Dakika kumi mara tatu kwa siku ni nusu saa. Siku tano ni dakika 150, na hicho ndicho kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima afikishe kwa wiki. Si lazima zifuatane.

Na maji unywe. Najua wengi wenu mnajinyima kwa kuogopa kubanwa na mkojo kwenye foleni, halafu kiu mnaizima kwa soda.

Nina presha. Nimetembea kila asubuhi miezi miwili, kipimo kimeshuka kutoka 160/100 hadi 128/80. Naweza kuacha vidonge?
Msomaji, Morogoro

Hapana. Hongera kwa kutembea, lakini hapana. Kipimo kimekaa vizuri kwa sababu vidonge na miguu vinasaidiana, na ukikitoa kimoja kimyakimya hujui kipi kilikuwa kinabeba mzigo. Andika vipimo vyako kwenye daftari, mpelekee daktari, yeye ndiye wa kupunguza dozi ikibidi. Chumvi nayo isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, ukihesabu na iliyokwisha kuingia kwenye mchuzi na mkate. Ile ya kunyunyizia chipsi kabla hata hujaonja ndiyo ya kuanza kuacha.

Baba alikuwa na kisukari, shangazi anacho, dada yangu amekatwa mguu. Nina miaka 41, kilo 90, na nimeambiwa sukari yangu iko mpakani. Nisubiri tu zamu yangu?
Karani, Dodoma

Pole sana kwa dada. Zamu haipo. Kurithi kunakuweka karibu na mlango, hakukuingizi ndani. Marekani waliwachukua watu zaidi ya 3,000 wenye sukari ya mpakani kama wewe, na majibu yakatoka mwaka 2002. Waliopewa dawa ya metformin, waliopata kisukari walipungua kwa asilimia 31 kuliko wale waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani. Waliopunguza uzito kidogo na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, walipungua kwa asilimia 58. Karibu mara mbili ya dawa! Na lengo lao la uzito lilikuwa asilimia 7 tu. Kwa kilo zako 90 hizo ni kama kilo sita, si lazima urudi kwenye mwili wa harusi.

Ugali usiuache, uupunguze. Ukitazama sahani yako ya mchana nadhani utakuta mlima wa ugali na mchicha wa kupamba pembeni. Geuza: mchicha ujaze nusu ya sahani, ugali ukae robo, maharage au samaki robo iliyobaki. Soda ya mililita 350 inaweza kuwa na vijiko tisa vya chai vya sukari, na nina hakika chai yenyewe hujawahi kuitia vijiko tisa. Rudi upime sukari kadiri ulivyopangiwa, hata ukijiona mzima kabisa.

Mtaani kwetu mwanamke akikimbia barabarani watu wanauliza kuna msiba wapi. Nifanyeje?
Mama wa watoto watatu, Tanga

Nimecheka, samahani dada. Huhitaji kukimbia. Tembea haraka, na dera lako na raba miguuni. Kipimo cha mwendo ni hiki: unaweza kuongea na mwenzako lakini huwezi kuimba. Ukiweza kuimba taarabu, unatembea polepole. Mchukue jirani mmoja, maneno ya watu yakigawanywa kwa wawili yanapungua. Siku za mvua ruka kamba uani, au ingia kwenye rede na binti zako. Wewe uliyekaa katikati ukikwepa mpira dakika tano, utanieleza.

Nikiwa na homa niendelee na mazoezi ili itoke kwa jasho?
Kijana, Kahama

Usithubutu. Pumzika, kapime malaria.

Kijana wangu, nina miaka 72, magoti yanalia kila nikiinuka. Si bora nitulie tu?
Mzee, Iringa

Shikamoo mzee. Ukitulia sana, misuli ya mapaja inanywea na mzigo wote unaangukia goti. Egemeza kiti kigumu ukutani, ukae, halafu uinuke polepole na kukaa tena, mara nane. Mikono ikikusaidia mwanzoni si aibu. Fanya siku moja, pumzika siku moja. Maumivu kidogo ya misuli kesho yake ni kawaida, lakini goti likivimba na kuwa la moto, nenda hospitali, na kifua kikibana, acha hapohapo na uende upesi. Na kile kigoda kifupi unachokalia barazani, mpe mjukuu.