Muulize Shangazi: Bibi katoka Tanga, tumpeleke kuona roketi?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Sisi tupo Dallas, mimi, mume wangu na watoto watatu (miaka 3, 8 na 13), na mama mkwe kaja toka Tanga yupo na sisi hadi mwezi ujao. Yule wa miaka 8 kichwa kizima ni roketi tu, kila siku twende NASA twende NASA. Tunataka twende kile kituo cha maonyesho cha NASA, shirika la anga la Marekani, kule Houston (Space Center Houston), Jumamosi moja, asubuhi kwenda jioni kurudi. Sasa bibi magoti yanamsumbua, halafu kasema wazi kwamba habari ya watu kwenda mwezini yeye haiamini na tusimpotezee hela. Tunapangaje hii safari? — Mama Watatu, Dallas

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza hiyo ya asubuhi kwenda jioni kurudi futa kabisa. Dallas hadi Houston ni masaa manne kama hamjasimama, na kituo chenyewe hakipo mjini, kipo Clear Lake, kama kilomita 40 kusini mashariki ya katikati ya Houston, yaani hata foleni ya Houston inawasubiri. Njia sio ngumu, ni hiyohiyo I-45 mnashuka nayo mpaka mnaona vibao vya NASA, lakini mama mkwe wa magoti kukaa garini masaa tisa kwa siku moja, mtakuja kuelezana mengine huko Tanga. Nendeni Ijumaa jioni mlale kwa ndugu, Jumamosi muamkie getini.

Tena muwahi. Mimi mara ya kwanza niliwapeleka wanangu tukafika saa sita mchana, nikajidai tule kwanza, tukazunguka duka la zawadi, kuja kustuka nafasi za trami, vigari vya kutembezea wageni, zimeisha na kile hasa tulichokifuata hatukukiona. Mwanangu wa pili mpaka leo ananikumbusha.

Kwahiyo tiketi kateni mapema onlaini, huyo wa miaka 3 hamlipii, paking ni hela nyingine mbali na tiketi, na mkishaingia tu cha kwanza ni trami. Ni vile vigari vya wazi vilivyoungana kama treni, vinawatoa hapo kwenye maonyesho na kuwaingiza ndani ya Johnson Space Center yenyewe, sehemu ambayo watu wapo kazini na wanaanga wanafanya mazoezi. Kuna ziara zaidi ya moja na kila moja inakula kama saa zima. Ile ya kuona chumba kilichoongoza Apollo 11, safari ya kwanza ya watu kutua mwezini mwaka 1969, walichokikarabati 2019 kikarudi kama siku ile mpaka visahani vya majivu ya sigara mezani, ni nzuri mno lakini inalipiwa zaidi na ina ngazi nyingi za kupanda, sasa hiyo aende baba na huyo wa miaka 13. Bibi, wewe na wadogo chukueni ya Rocket Park. Pale kuna Saturn V, roketi ya kupeleka watu mwezini, imelazwa ubavu ndani ya jengo, urefu wake mita 110, yaani uwanja wa mpira hautoshi, na zimebaki tatu tu duniani. Tembeeni taratibu kuanzia kwenye zile injini tano za nyuma, mtoto asimame karibu nazo ndio atajua ukubwa ni nini. Na maeneo hayohayo wanafuga ng'ombe wa Texas wenye mapembe marefuu, usicheke, kuna bibi mmoja naye wa kwetu roketi hakuiangalia mara mbili ila ng'ombe aliwasifia njia nzima.

Mkirudi ndio mzunguke bila haraka. Nje kuna ndege ya Boeing 747 iliyobebeshwa shato mgongoni, yaani kile chombo cha NASA cha kwenda angani na kurudi, mnaingia kote kuwili. Ndege ni ile halisi iliyokuwa inahamisha shato, maana shato ikishatua haina uwezo wa kuruka tena yenyewe kurudi Florida, ila hicho chombo cha juu ni mfano tu hakijawahi kwenda popote, mwambieni mtoto ukweli asije akaumbuka shuleni. Simyuleta, zile mashine za kuigiza safari ya angani, ruka, foleni ndefu raha dakika chache, kwa maoni yangu lakini.

Sasa bibi. Usibishane nae mwanangu. Mpeleke kwenye kile chombo cha Apollo 17 kilichorudi toka mwezini Desemba 1972 na watu watatu, aone kilivyoungua tumboni, halafu pale ndani kuna kipande cha jiwe la mwezi wanachoruhusu kukishika. Akishike. Kimelainika kwa vidole vya watu. Asipoamini basi, hela haijapotea, atakuwa na la kuhadithia.

Vidogo vidogo: kiti cha magurudumu mchukueni hata kama anasema hataki. Nje joto la Houston ni la Tanga kabisa, ndani kiyoyozi kinagandisha, kwahiyo kanga ya kujifunika. Mabegi yanakaguliwa, kile kisu chake cha kumenyea machungwa kibaki garini. Swala msiwaze, ni wasafiri nyie, mna ruhusa ya kupunguza na kukusanya.

SWALI: Shangazi kila siku Marekani Marekani, na sisi wa Malindi tusio na viza watoto wetu waangalie nini? — Baba Fatma

JIBU: Hahaa, Baba Fatma we ndio umekaa kwenye roketi hujijui! Hapo Ngomeni baharini, yale majukwaa ya chuma ya Waitaliano, walirusha satelaiti kuanzia 1967 hadi 1988. Walipapenda kwasababu mpo karibu na ikweta, dunia ikijizungusha inaisukuma roketi bure. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya inatimiza miaka saba ya uhuru, ikarushwa satelaiti ya NASA ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, na ni humo wanasayansi wakapata dalili nzito za shimo jeusi, kitu kizito mno angani ambacho hata mwanga hauchomoki, lile wanaloliita Cygnus X-1. Mchukue Fatma Jumapili mpande matatu mpaka Ngomeni, mkae ufukweni muwatafute wazee wavuvi waliokuwa vijana miaka hiyo, muwaulize roketi ikipaa bahari ilikuwaje na samaki walikimbilia wapi. Halafu niandikie walichokwambia.