Usijiite Rustacean kabla Rust haijakutoa jasho

Wadogo zangu mnaoanza kujifunza programu hapa Tanga, wiki hii nimeulizwa tena: "Kaka, hivi mtu wa Python anaitwaje?" Anaitwa Pythonista. Wa Ruby ni Rubyist, wa Haskell ni Haskeller. Hayo mepesi, jina la lugha ya programu limeongezwa mkia tu.

Utamu uko kwenye yale mengine. Wa Go ni gopher, mnyama mdogo wa Marekani anayechimba mashimo, jamaa ya panya. Yule gopher wao wa buluu, nembo ya lugha, alichorwa na Renée French. Wa Rust ni Rustacean, neno lililochezewa kutoka "crustacean", jina la Kiingereza la jamii ya kaa na kamba, ndiyo maana utamwona kaa wao, Ferris, kila mahali. Perl ina ngamia aliyetoka kwenye jalada la kitabu (huyo tungemkaribisha mtaa wetu wa Ngamiani bila shida). Ila nyoka wa Python asikudanganye: Guido van Rossum, aliyeitoa lugha hiyo mwaka 1991, jina alilichukua kwa wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python.

Mambo haya si mageni kwetu. Kwenye timu zetu za soka za Tanga, Coastal Union ni Wagosi wa Kaya, African Sports ni Wana Kimanumanu, na ukiyachanganya barazani watu watajua umeshuka basi jana. Basi yajueni.

Ila kulijua jina ni kimoja, kujivika ni kingine. Mimi niliandika "Rustacean" kwenye wasifu wa kuombea kazi nikiwa na wiki mbili tu za kujifunza. Kwenye usaili, mzee mmoja mpole akanisogezea karatasi yenye mistari mitatu: maandishi ya aina ya String yamewekwa kwenye jina a, b ikapewa kilichomo kwenye a, halafu a ichapishwe. "Itakubali?" Nikasema ndiyo, bila hata kupepesa. Haikubali. Katika Rust kila thamani ina mwenyewe mmoja; b ikishapokea, a haina chake tena. Ni kama baiskeli uliyokwisha kuuza, huwezi kurudi jioni ukaipanda. Kazi nikaikosa, na kwa haki.

Safari iliyofuata niliandika: "Nimetengeneza kwa Python programu ya kuhesabu marejesho ya kikoba." Wakaniuliza riba naipigaje, mwanachama akichelewa inakuwaje. Nikajibu yote, maana makosa yake yalikwisha kuninyima usingizi.

Kwa Kiswahili, mimi napenda mwana-: mwanapython, wanarust. "Wapython" hapana, masikioni mwangu linakuwa kabila.

Bibi jirani yangu hana habari na yote hayo. Kwake mimi ni fundi, basi. Juzi kaniletea redio.