Barua kwa mwanangu: kuhusu lile jengo la Samora

Mwanangu, habari za huko. Sisi wazima, babaako tu na mguu wake na kliniki hataki kwenda, unamjua.

Meseji yako ya sauti nimeisikiliza mara tatu. Unauliza lile jengo la barabara ya Samora hapa Dar, nililokuwa nataipu zamani, kwa nini nalo wasilifanye hoteli, kama hilo ulilolala Chicago, kuliko kulivunja. Mi kwanza nikaiangalia picha ya mlango wa chumba chako. Yani huo ni mlango wa ofisi kabisa, mbao nzito na kioo kisichoonyesha ndani, kama wa bosi wetu, ukigonga kioo kinatetemeka na wewe unatetemeka.

Hiyo historia nayo tamu. Hilo jengo la hoteli yako, Reliance, limekamilika 1895, madaktari na wang'oa meno wamejaa humo, huyo Root aliyeanza kulichora kafa 1891 hata hajaliona, akamalizia Atwood, 1976 serikali yao ikalitangaza jengo la kihistoria la taifa, 1999 likawa hoteli. Ila ya jeki ndo imeniua! Ati wapangaji wa juu wa jengo la zamani mkataba wao ulikuwa mpaka 1894, basi wakazibeba hizo ghorofa kwa jeki na watu wao ndani, huku chini wanajenga. Hapa Dar mwenye nyumba angekata maji wiki moja tu, mngehama wenyewe.

Kwetu mambo yalienda kinyume. Forodhani pale Kivukoni ilikuwa klabu ya Wazungu, ikaja kuwa hoteli, vijana wanafundishwa kupika na kubeba sinia, baadaye ikawa Mahakama ya Rufani. Na hoteli ya New Africa, pale pale ndipo Wajerumani walikuwa na hoteli yao Kaiserhof, ile ya zamani ikavunjwa.

Lakini mi siku zote nasema jengo ni mlango. Ile stori ya bahasha unaijua, ila sehemu ya jikoni sijawahi kukwambia vizuri. Bosi kanituma hoteli moja ya mjini, jina siandiki, nimpelekee mgeni wake barua niliyoitaipu mwenyewe, nakala tatu, vidole vyeusi kwa kaboni. Nimevaa gauni la kitenge alilonishonea bibi yako na malapa, maana viatu vilikatika kisigino kwenye basi. Mlinzi hata usoni hakuniangalia, aliangalia miguu. "Wa barua nyuma." Nikazunguka, nikapita kwenye madumu ya mafuta, nikaingia jikoni, mpishi mmoja mzee akanionea huruma akanipa chapati ya moto, nikaila nimesimama na bahasha kwapani. Tamu ile chapati, sijapata kula nyingine kama ile. Barua ikafika na alama ya mafuta ya vidole vitatu, bosi akanifokea mbele ya ofisi nzima.

Sasa kosa la nani? Mlinzi katumwa tu, nae labda watoto wake walikuwa wanamsubiri na unga. Au langu, ningesubiri kula. Lakini hapana bwana, miguu! Mpaka leo nikipita pale naangalia mlango kwanza, ghorofa baadaye.

Kwa hiyo usinibane nikwambie kulifanya hoteli ni vizuri au vibaya. Kuvunja sitaki, hilo nalisema. Zile ngazi za Samora nimezipanda na mimba yako, mkono wa ngazi ulikuwa umelainika kwa viganja vya watu mpaka unang'aa. Ila wakati wa ofisi hata muuza karanga alipanda hadi kwetu ghorofa ya tatu, mtoto wa shule alikuja kuomba kalamu. Wakiweka mapokezi na marumaru, muuza karanga atafika wapi? Haya, lakini likiachwa tupu popo watahamia, nalo si jibu. Jengo ni mlango, nimeshasema, niache hapo kabla sijasema ambalo babaako atanicheka.

Wewe umeingilia mbele, na begi lako wakakubebea, nimefurahi sana, nimemwambia hadi shangazi yako. Kesho kabla hujatoka hebu zunguka nyuma uone wafagiaji na wapishi wanaingilia wapi, unipigie picha.

Mamaako