Chura Mpya wa Kitropiki Anavyoelezwa: Maswali na Majibu

Ikiwa wakazi wa karibu na msitu wamemwona chura huyo tangu enzi za mababu, kwa nini aitwe mpya?

Upya unaozungumziwa ni wa kumbukumbu za sayansi, si wa chura mwenyewe. Spishi hutambuliwa rasmi pale tu jina lake linapochapishwa pamoja na sifa zinazoipambanua; huko ndiko "kuelezwa" kwake. Wako hata vyura "wapya" waliogunduliwa ndani ya chupa za makumbusho, wakiwa wamekaa humo miaka mingi chini ya jina la jamaa zao.

Mtaalamu anajuaje kwamba si chura wa kawaida mwenye rangi tofauti?

Rangi ni shahidi dhaifu, kwani vyura wengi hubadilika rangi kati ya mchana na usiku, na ndani ya alkoholi rangi hufifia. Ndiyo maana chura hupigwa picha angali hai. Vinavyoaminiwa zaidi ni vipimo: urefu kutoka ncha ya pua hadi tundu la haja, kipenyo cha kiwambo cha sikio, urefu wa muundi, na kiasi ambacho utando umefunika vidole vya miguu ya nyuma. Vyote hivyo hulinganishwa na vya jamaa zake wa karibu, na kwa maoni yangu ulinganishi huo, ambao habari za magazetini huuruka, ndio kazi yenyewe.

Mlio nao una uzito mkubwa, kwa kuwa jike huitikia mlio wa dume wa spishi yake. Paedophryne amauensis wa Papua New Guinea, aliyeelezwa mwaka 2012 na mwenye urefu wa wastani wa milimita 7.7, alifuatwa usiku kwa mlio unaodhaniwa kuwa wa mdudu. Watafiti walizoa majani makavu, wakayatia kwenye mfuko wa plastiki na kuyapekua jani kwa jani hadi kachura kakaruka. Njia ya kufuata mlio isingefaa kwa Hyperolius ukaguruensis wa milima ya Ukaguru, Tanzania, aliyeelezwa mwaka 2023, ambaye madume wake hawaiti majike kwa sauti.

Je, vinasaba peke yake havitoshi?

Kwa kawaida havitoshi. Huonyesha umbali wa undugu, lakini mahali pa kuchora mpaka kati ya spishi mbili huamuliwa kwa kuvisoma pamoja na umbile na mlio.

Ni lazima chura auawe?

Mara nyingi wachache huuawa bila maumivu, hutiwa fomalini, kemikali inayozuia mwili usioze, kisha huhifadhiwa katika ethanoli, yaani alkoholi. Mmoja wao huteuliwa kuwa kielelezo kinachobeba jina, ili mashaka yakizuka baadaye arejewe yeye, si picha. Swali hili lina haki ya kuulizwa, hasa pale idadi ya vyura ni ndogo.

Naweza kumpa jina langu?

Mwandishi wa maelezo ndiye anayechagua jina, na kujipa mwenyewe huhesabiwa kuwa utovu wa adabu.

Akishapata jina, analindwa?

Si moja kwa moja, ingawa bila jina ni vigumu hata kutathmini hatari inayomkabili. Chura wa Kihansi, Tanzania, alipatikana mwaka 1996 kwenye manyunyu ya maporomoko. Kufikia 2009 alikwisha kutangazwa kuwa ametoweka porini, baada ya maji kuelekezwa kwenye mitambo ya umeme na ugonjwa wa kuvu kuingia. Waliorudishwa korongoni kuanzia 2012 ni uzao wa waliofugwa Marekani.